Aya ya Thelathini na Moja

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya taa mbele ya duka la dawa siku ya Jumatatu. Kufikia Jumatano watu kumi na wanne walikuwa wamenieleza lilivyosema, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amelisoma. Mmoja alisema linajengwa soko. Mwingine alisema ni hoteli ya ghorofa kumi na mbili. Mwenyekiti wa chama chetu cha wakazi, mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado huzungumza kama anayehutubia paredi ya asubuhi, alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba kuna mkono wa mtu.

Nilikwenda kulisoma. Lilisema kwamba mwenye kiwanja namba 214 ameomba kujenga jengo la makazi la ghorofa saba lenye maegesho chini ya ardhi, kwamba michoro inaweza kuonwa ofisi ya mipango miji saa za kazi, na kwamba mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku thelathini. Nikaenda kuona michoro. Nimefanya kazi ya kuchora ramani katika idara ya upimaji kwa miaka ishirini na minane, kwa hiyo ilinichukua kama dakika sita kuona penye tatizo. Urefu wa jengo haukuwa na kasoro, kwa sababu mtaa wetu unaruhusiwa hadi ghorofa nane. Tatizo lilikuwa upande wa kaskazini, ambako njia ya magari ya kushukia kwenye maegesho ilikuwa imechorwa juu ya kichochoro.

Kichochoro hicho kina upana wa mita tatu na urefu wa mita arobaini na moja. Kwa wengi wetu ni njia ya mkato. Kwa nyumba moja hakuna njia nyingine, na nyumba hiyo ni ya kaka yangu.

Kaka alikuwa fundi wa nyaya za umeme mpaka siku alipoanguka kutoka kwenye nguzo. Huu ni mwaka wa sita anatumia kiti cha magurudumu. Mlango wa mbele wa nyumba yake unatazama barabara ya juu, na kutoka mlangoni hadi barabarani ni ngazi ya zege yenye vidato kumi na kimoja. Mlango wa nyuma unafungukia kichochoroni, na sakafu na njia ziko usawa mmoja. Kila asubuhi anatokea huko, anajisukuma hadi barabara ya sokoni, anakaa kwenye meza yake kutengeneza redio, pasi na feni za watu. Mkewe, shemeji yangu, anashona nguo katika chumba cha nyuma, na wateja wake wanapita huko huko. Kichochoro kikifungwa, kaka anakuwa mfungwa katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Niliwaeleza jioni ile. Shemeji alizima cherehani ili asikie vizuri.

"Pingamizi linaandikwaje?" akauliza.

"Kuna fomu pale ofisini. Ukurasa mmoja."

"Basi niletee, shemeji, niijaze."

"Ya nini? Chama kitaandika. Kaya mia na ishirini zikisema kitu kimoja, zina uzito kuliko kaya moja."

"Chama kipi? Hiki hiki kilichojadili mbwa wa mama wa duka la dawa miezi mitatu?"

"Mimi ndiye katibu. Nitaiandika mwenyewe."

Alinitazama kwa juu ya miwani. "Haya. Wewe ndiye msomi wetu."

Kaka alikuwa amefungua redio ya mtu mapajani. Hakuinua uso. "Kama mtashindwa," akasema, "niwekeeni kapi pale juu barabarani, mnivute kama ndoo ya zege."

Sasa ni lazima nieleze jinsi chama chetu kinavyoandika barua, kwa kuwa sidhani kama kuna watu wengine duniani wanaoandika hivyo.

Miaka mitano iliyopita, katika barua ya kulalamikia taka, katibu aliyenitangulia alifuta sentensi ya mjumbe mmoja kuhusu kuku wa jirani. Mjumbe alisusa, shemeji zake wakasusa, na theluthi ya wanachama wakaacha kuhudhuria kwa mwaka mzima. Waliporudi, ikapitishwa kanuni: neno la mwanachama halifutwi. Kila mmoja analeta aya yake, katibu anaipa namba na kuichapa kama ilivyo, na barua inakwenda ikiwa na kila kitu. Mwenyekiti huiita kanuni hii demokrasia. Mimi nimewahi kuona debe la taka la soko likijazwa kwa utaratibu huo huo.

Kikao cha kwanza kilifanyika sebuleni kwa mwenyekiti, chini ya picha zake kumi na saba za mahafali. Kilichukua saa mbili na nusu. Saa moja na dakika kumi zilitumika kuamua kama tuandike "tunapinga" au "tunapinga vikali". Vikali ilishinda kwa kura tisa dhidi ya nne. Nilipoeleza habari za njia ya magari na kichochoro, nikatandaza nakala ya mchoro mezani, wajumbe waliinama kuutazama kwa heshima, kama watu wanaoonyeshwa picha ya mtoto mchanga asiye wao. Kisha mama wa duka la dawa akauliza jengo litapakwa rangi gani.

"Haijaandikwa," nikasema.

"Ndiyo maana nauliza. Wakipaka ile rangi ya haja kubwa kama benki ya kule chini, mimi nitahama."

"Andika aya, mama," mwenyekiti akasema. "Katibu ataipa namba."

Aya zikaja. Zilikuja kwenye simu, kwenye karatasi za daftari, na moja nyuma ya risiti. Mama wa duka la dawa alileta tano, mbili juu ya rangi na tatu juu ya kivuli kitakachoangukia maua yake, ingawa kivuli cha jengo hakiwezi kufika mbali kiasi kile mwezi wowote wa mwaka, na nilimchorea nikamwonyesha. Alisema yeye anayajua maua yake. Mwalimu wa udereva alitaka jengo lizuiwe kwa sababu wapangaji wa ghorofa hawasalimii. Kuna aliyepinga kwa kuwa ghorofa saba ni nyingi mno, na kuna aliyelalamika kwamba kama ni kujenga basi wangejenga kumi tupate na lifti. Mwenyekiti mwenyewe aliandika aya sita kuhusu historia ya mtaa, ambamo alijitaja mara tisa.

Aya yangu ilikuwa ya saba, yenye mistari minne. Ilisema kwamba kichochoro cha kaskazini kipo kwenye ramani ya upimaji kama njia ya umma. Kwamba njia ya umma haifungwi kama ipo kaya inayoitegemea peke yake. Kwamba kaya hiyo ipo, kiwanja namba 209. Na kwamba nakala ya ramani imeambatishwa.

Aya ya thelathini na moja aliileta mkuu wa ulinzi wa chama. Huyu ni askari jela mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Kufuli, na jina lenyewe analipenda. Kwa miaka minne ametaka kila uwazi mtaani uwekwe geti na ufunguo akae nao yeye. Aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Iliandikwa hivi: "Kichochoro cha kaskazini ni maficho ya wahalifu. Chama kinadai kichochoro hicho kifungwe mara moja, na kifungwe moja kwa moja."

Kitabu cha matukio ya mtaa ninakitunza mimi. Katika miaka minne, uhalifu uliotokea kichochoroni ni wizi wa sufuria moja, mpira mmoja wa kumwagilia maji, na jozi ya viatu ambayo baadaye ilionekana chini ya kitanda cha mwenyewe.

Niliisoma aya ile mara mbili, nikaona inaipiga teke aya ya saba. Ningeweza kumwita Kufuli tukae tuzungumze. Nilihesabu: kuzungumza na Kufuli ni jioni nzima, na mwisho wake hajawahi kubadili mawazo. Nikajiambia kwamba watakaosoma ni wataalamu. Upande mmoja kuna sheria, ramani na namba ya kiwanja. Upande mwingine kuna sufuria. Mtaalamu hawezi kuyumba hapo. Nikaipa namba, nikaichapa.

Barua ilikuwa na aya arobaini na sita na kurasa kumi na tisa. Ilipofika kwenye sahihi, wajumbe walishindwa kukubaliana nani atangulie, mwenyekiti au makamu wake ambaye ana shahada. Siku ya mwisho ikafika bado wanavutana, nikaisaini peke yangu kwa niaba ya chama na kuipeleka saa tisa na robo alasiri.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Lilikuwa kurasa mbili. Ofisi ilishukuru kwa maoni. Ilieleza kwamba rangi, maua, salamu na historia ya mtaa si mambo ya kibali cha ujenzi. Kisha ikasema: "Kuhusu kichochoro cha kaskazini, chama kimetoa maoni mawili yanayopingana, katika aya ya 7 na aya ya 31. Kwa kuwa aya ya 31 inakubaliana na mchoro wa mwombaji, na kwa kuwa imetolewa kama dai la chama chenyewe, ofisi inakusudia kuikubali, isipokuwa chama kitatoa msimamo mmoja katika kikao cha kusikiliza pingamizi, Jumanne saa tatu asubuhi."

Mtaalamu hakuyumba hata kidogo. Mtu aliyetaka njia ifungwe aliomba kufunga, na majirani wakamwandikia afisa kwamba wanadai ifungwe. Ningekuwa kwenye kiti kile ningeandika hivyo hivyo.

Mwenyekiti aliisoma barua akiwa amesimama, na uso wake ukafunguka. "Katibu, wametukubalia moja."

"Wametukubalia kufunga njia ya kaka yangu."

"Naelewa, naelewa. Lakini tazama kwa upana. Tangu chama kianzishwe, hatujawahi kukubaliwa jambo na ofisi yoyote."

Aliituma kwenye kundi la simu la chama. Kabla ya chakula cha mchana zilikuwa zimeingia pongezi thelathini na nane kwa Kufuli.

Niliitisha kikao cha dharura Jumamosi. Shemeji alikuja, akakaa karibu na mlango akiwa bado na futi ya kupimia shingoni. Nilieleza kwamba sentensi moja inatosha: chama kinaondoa aya ya thelathini na moja.

"Neno la mwanachama halifutwi," akasema Kufuli. "Kanuni hiyo uliipigia kura mwenyewe."

Ilikuwa kweli.

"Baba," shemeji akamwambia, "mume wangu atapita wapi?"

"Mama, mimi sina ugomvi na mume wako. Feni yangu ameitengeneza yeye. Tutaweka geti, ufunguo nakaa nao mimi. Akitaka kutoka ananipigia simu, nakuja kumfungulia."

"Hakuna geti," nikasema. "Panachimbwa. Ni shimo la mita tatu kwenda chini, na magari ndani yake."

"Basi na wezi hawatapita."

"Na ukiwa umesafiri?" shemeji akauliza.

"Huwa sisafiri."

Mwalimu wa udereva alicheka, kisha akakohoa. Mama wa duka la dawa alisema jambo hili linamuumiza sana kama mwanamke, akapendekeza tuunde kamati ndogo. Kamati ndogo ikaundwa. Ilipangiwa kukutana Alhamisi, siku mbili baada ya kikao cha kusikiliza.

Tulipokuwa tunatoka shemeji aliniuliza kama bado anaweza kujaza fomu yake. Nilimwambia siku thelathini zimepita. Aliteremka na njia yake, nami nikabaki nimeshika faili.

Jumanne tulikaa kwenye chumba cha mikutano cha ofisi ya mipango miji, chumba chenye meza ndefu, feni mbili, na viti vya plastiki kwa ajili ya wananchi. Afisa mipango alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mwenye rula mbele yake na barua yetu iliyotiwa alama za rangi. Alikuwa ameisoma yote. Sikutegemea mtu afanye hivyo, na nilimwonea huruma. Mwakilishi wa mwenye mradi alikaa kimya upande wa pili. Hakuhitaji kusema neno, kwa sababu kazi yake tulikuwa tumemfanyia. Kaka na shemeji walikuwa nyuma. Walifika mapema, kwa kupitia kichochoro.

"Swali langu kwa chama ni moja," afisa akasema. "Aya ya saba au ya thelathini na moja?"

Mwenyekiti alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alizungumza kwa dakika kumi na moja. Alizungumzia umoja, wazee waliotangulia, na mti uliokatwa kabla afisa yule hajazaliwa. Afisa alisikiliza huku akigusa rula.

"Asante, mzee. Ya saba au ya thelathini na moja?"

"Zote ni za chama."

"Haziwezi kusimama zote."

"Mheshimiwa, sisi hatuna utaratibu wa kuchagua kati ya wanachama wetu. Tuna kamati ndogo inayokutana Alhamisi."

"Ninaandika uamuzi leo."

Shemeji alinyoosha mkono. Afisa akamuuliza kama aliwasilisha pingamizi kwa jina lake. Shemeji akasema hapana. "Basi nasikitika, dada. Kwa utaratibu, leo nawasikiliza waliowasilisha." Shemeji alishusha mkono polepole. Hakunitazama. Ningependelea angenitazama.

Nikasimama. "Mimi ndiye katibu. Aya ya thelathini na moja imeondolewa."

"Katibu, kaa chini," mwenyekiti akasema bila kugeuka.

"Kwa uamuzi wa nani?" afisa akauliza.

"Tazama sahihi kwenye ukurasa wa kumi na tisa. Ipo moja tu, na ni yangu. Hakuna azimio la kikao lililopitisha barua ile, wala muhtasari. Wajumbe walipitisha neno moja tu, vikali. Aliyeiwasilisha ni mimi, na mimi naiondoa aya hiyo."

Afisa alifungua ukurasa wa mwisho. Akamuuliza mwenyekiti kama kuna azimio. Mwenyekiti akamtazama makamu wake mwenye shahada, makamu akatazama feni. Hapakuwa na azimio. Miaka minne ya kutomfuta mtu ilikuwa imetufanya tusipitishe chochote.

"Njoo ufute hapa, utie sahihi na tarehe," afisa akasema, akanisogezea ukurasa wenye aya hiyo pamoja na rula.

Nilipiga mstari mmoja ulionyooka juu ya maneno ya Kufuli. Ilichukua sekunde chache. Kazi hiyo ningeweza kuifanya mezani kwangu, wiki sita kabla, bila kupanda ngazi za ofisi yoyote.

"Umenifuta," Kufuli akasema. Sauti yake ilikuwa ya mshangao tu, hata haikuwa na hasira. "Mbele za watu umenifuta."

"Nimefuta aya."

Uamuzi ulitoka Ijumaa. Jengo la ghorofa saba limeruhusiwa. Njia ya magari ihamishiwe upande wa mashariki. Kichochoro kibaki na mita zake tatu, na wakati wa ujenzi kisizibwe hata kwa siku moja. Kati ya aya arobaini na tano zilizobaki, iliyohesabiwa ni moja.

Chama kilinisimamisha ukatibu kwa barua ya kurasa sita. Sitaki kudanganya kwamba nilisikitika. Niliisoma kwa makini, na nikakuta kwamba katika aya ya tatu nimeondolewa na katika aya ya kumi na nne nashukuriwa kwa kukubali kuendelea.

Jioni nilikwenda kwa kaka na nakala ya uamuzi. Kaka aliisoma yote, akauliza upande wa mashariki magari yatageuzia wapi, akarudi kwenye pasi aliyokuwa anaifunga. Shemeji aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi.

"Shemeji, ile aya uliiona lini?"

"Siku niliyoichapa."

"Na mimi ulikuwa umeshaniambia nisijaze fomu."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza wiki zote hizo."

"Nilidhani ushahidi unatosha."

"Unatosha kwa nani? Wenzako hata tangazo hawakusoma, na wewe uliyesoma ndiye uliyewachapia." Alisema kwa utulivu, kama anayemsomea mteja vipimo. "Kufuli simlaumu. Yule anataka ufunguo, mtaa mzima unajua. Wewe ulikuwa unataka nini?"

Nilifikiri juu ya swali hilo kwa uaminifu. Nilitaka kuwa sahihi bila kubishana na wajinga. Hilo sikulisema. Kaka alijifanya anatafuta skrubu.

"Ofisi ile ina fomu ya kuandikisha njia ya umma kwa jina, isiguswe tena," nikasema. "Nitakujazia kesho."

"Niletee tupu."

Nilimletea asubuhi. Aliijaza kwenye meza ya kukatia vitambaa, kwa chaki ya fundi kwanza juu ya karatasi ya kuchorea nguo, kisha kwa kalamu kwenye fomu. Mahali pa sababu aliandika mistari miwili. Nilisogea nione kama ameweka namba ya kiwanja. Akaigeuza karatasi, akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

"Namba nimeweka," akasema.

Wakatoka yeye na kaka kwa mlango wa nyuma, kaka akijisukuma, yeye akitembea kando yake, kuipeleka wenyewe. Niliwauliza kama niwasindikize. Shemeji alisema kuna wateja watakuja saa nne kuchukua sare za shule, niwakabidhi, majina yamebandikwa kwenye mifuko.

Nilikaa nikawangoja wateja.